Kiti cha Asiyekuwepo

Nimestaafu juzi juzi tu, na tayari nimekosana na majirani wawili hapa Nyanchwa. Wa kwanza alikuja kunilalamikia kuhusu mwenzake na ua wa mpakani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwuliza, "Na yeye angekuwa hapa angesemaje?" Akasema hajui. Nikamwambia mimi najua, nikamweleza. Aliondoka bila kumaliza chai. Wa pili alikasirika baada ya kusikia nilivyomtetea, akasema nilimtetea vibaya.

Hii ni tabia ya kazi, na vijana wa ofisini mmeniomba niiandike kabla sijaisahau. Sitaisahau, lakini nimekubali, kwa sharti kwamba sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Niliingia nikiwa karani wa wakili na nimetoka nikiwa karani wa wakili. Katikati waliniongezea neno "mkuu" mlangoni, lakini dirisha langu likabaki lile lile lisilofunguka.

Wakili aliyeniajiri sote tulimwita Omogaka, neno la Kigusii la kumheshimu mwanamume mzima. Nilikutana naye nikiuza ndizi sokoni Marani. Nilikuwa nimesomea kupiga chapa mjini Kisii, nikatafuta kazi mpaka viatu vikaisha, nikarudi nyumbani kwa ndizi za mama. Siku hiyo alikuja mtu mrefu mwenye koti la suti na mabuti ya shambani. Akauliza bei ya mkungu, nikamwambia. Akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kuondoka ili aitwe. Nikamwita.

"Kabla hujaenda, mzee, tazama hapa chini. Vidole hivi vya ndizi vimepigwa na kamba. Bei niliyokuambia imeshaviondoa."

Akarudi. "Mbona unanionyesha?"

"Ungeviona nyumbani, mama watoto angekutuma urudi, na mimi nipoteze siku nzima nikibishana na wewe."

"Na ningeviona hapa hapa?"

"Ungepunguza kwa bei yako. Nimekuonyesha mwenyewe, kwa hiyo imepungua kwa bei yangu."

Alinunua mkungu. Kisha akauliza kama najua kusoma, nikamwambia najua hata kupiga chapa, ila ndizi hazihitaji. Akanielekeza ofisi yake, ghorofani juu ya duka la vitambaa, akasema nije Jumatatu. Nilidhani anatafuta mtu wa kufagia.

Siku ya kwanza nilikuta taipureta yenye herufi moja iliyokwama na karatasi za kaboni zilizotumika mpaka unaziona kama chujio la chai. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga chapa, kutoboa, kufunga faili kwa uzi wa kijani, kukimbia kwa kamishna wa viapo, kisha kupanda mpaka masjala ya korti. Omogaka alinifundisha kuhesabu kurasa kabla ya kufunga faili na tena baada ya kufunga. Nikamwambia hata ndizi nilizihesabu hivyo. Akasema basi mshahara wa mafunzo umeokolewa.

Masjala ndiyo ilikuwa soko langu la pili. Karani wa huko anakuambia faili haionekani. Humwambii anadanganya. Unamwuliza habari za mtoto wake aliyefanya mtihani, unamwonyesha kwamba umevaa viatu vya kusimama siku nzima, na faili inaonekana. Siku hizi mnatuma kila kitu kwa mtandao, na mashine ikikataa hamna mtoto wake wa kumwulizia. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba naukosa ule ubao mrefu nje ya masjala, ambapo makarani wa mawakili wote wa Kisii na Nyamira tulikaa bega kwa bega tukiuziana njugu na habari, wakati mabosi wetu wakigombana ndani kana kwamba hawatakula pamoja saa saba.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe.

Kuna maombi ya korti ambayo yanasikizwa na upande mmoja tu. Mtu anakuja mbio: fulani ananiharibia, naomba azuiwe leo, kabla hata hajapewa karatasi. Jaji anaweza kutoa zuio la muda, na yule mwingine analisikia kwa mara ya kwanza likiwa limeshamfunga mikono. Katika kesi za alama za biashara ndivyo inavyokuwa mara nyingi, kwa sababu bidhaa ya kuigwa haingoji. Kila siku inayopita, mnunuzi anazoea kuchukua pakiti ya mwizi.

Kwa hiyo jaji siku hiyo ana sikio moja. Sheria inasema anayelijaza sikio hilo lazima aseme yote, hata yale ambayo mpinzani angeyasema kumwumiza. Akificha jambo zito, zuio linaweza kuondolewa hata kama alama ni yake kweli. Niliwahi kuketi kortini nikiona hilo likimpata mpakiaji mmoja wa majani ya chai, mteja wa ofisi nyingine. Alikuwa amepata zuio dhidi ya kikundi cha wakulima wa upande wa Nyacheki, akasahau kutaja kwamba wao ndio waliomchorea alama hiyo wakati walipokuwa marafiki. Kusahau ndilo neno alilotumia. Jaji aliondoa zuio asubuhi hiyo hiyo, na korti haikufika kamwe kwenye swali la alama ni ya nani. Yule bwana alitoka akiuliza, "Kwani tumeshindwa kesi au tumeshindwa nini?" Wakili wake alikuwa ameshafika kwenye gari.

Omogaka alikuwa na njia yake ya kuzuia hayo. Chumbani mwake kulikuwa na kiti chake, kiti cha mteja, na kiti cha tatu karibu na dirisha. Ombi likiwa la upande mmoja, kabla ya kuandika chochote, mimi nilikalia kile cha tatu. Hapo nilikuwa mpinzani, na mteja alinijibu mimi. Omogaka alisema njia hiyo aliipata kwa baba yake, ambaye alisikiliza ugomvi wa mashamba kijijini na hakukubali mahali pa asiyefika pabaki wazi. Sijui kama ni kweli. Alikuwa na mazoea ya kumpa baba yake sifa za mambo yote mazuri.

Nilikipenda kiti kile, niseme bila aibu. Sokoni lazima umjue mnunuzi anavyofikiri kuliko anavyojijua. Kitini hapo niliwahi kuwa mwenye shule, mwenye baa, mchungaji aliyefukuzwa na mke wa pili. Wateja wengine walinichukia wakasahau kunisalimu wakitoka. Omogaka aliandika tu, kichwa chini, na nilipouliza swali lililoingia nilijua kwa sababu kalamu ilisimama.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya unga wa wimbi.

Mteja alikuwa Bi. Peninah, mjane mwenye kinu na mitambo midogo ya kupakia unga mjini Nyamira. Unga wake wa uji uliitwa Nyaboke, na kwenye pakiti palichorwa bibi mzee amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Alikuwa ameusajili kule Nairobi, jina na mchoro, na cheti alikibeba ndani ya Biblia. Tatizo lilikuwa shemeji yake, Yabesi, ndugu wa marehemu mumewe, mwenye kinu nyumbani kwao Marani. Yabesi naye alikuwa anauza unga wa pakiti, jina lile lile, bibi yule yule, ila jiwe lake lilichorwa vibaya likaonekana kama kobe. Ingekuwa ni kobe tu, Peninah angevumilia. Lakini unga wa Yabesi ulikuwa na mchanga.

"Walimu wakuu wananirudishia mimi," alisema. "Mtoto akiuma changarawe kwenye uji, wanasoma pakiti, wanapiga simu kwangu. Shule zote zinazonunua kwangu zimenipa mpaka siku ya kufungua. Nisipokuwa nimekomesha huo unga mwingine, wanaenda kwa mtu wa Kisumu. Na shule zikiniondoka, mimi nafunga. Sina maduka, nina shule tu."

Alitaka Yabesi azuiwe kusaga, kupakia na kuuza, vyote, kabla ya wiki kuisha. Alikuja na maelezo ameyaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa shule ya Sabato. Yalisema kwamba alisajili alama, na kwamba wiki iliyopita aligundua kwa mshtuko mkubwa kwamba mshtakiwa analitumia jina hilo.

Omogaka alisoma, akauliza maswali ya kawaida, kisha akasema, "Moraa, kaa pale."

Nikahama. Nikavua miwani.

"Mimi ni Yabesi sasa," nikamwambia Peninah. "Usinionee haya."

"Wewe si Yabesi. Yabesi ana tumbo."

"Nitalipata. Shemeji, habari za masiku?"

"Sina habari na wewe."

"Unasema nimekuibia jina. Huyo Nyaboke ni nani?"

"Mama mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa anauza uji sokoni, ndiyo tukaita unga hivyo, mimi na mume wangu."

"Mama huyo alikuzaa wewe au alinizaa mimi?"

Akamtazama Omogaka. Omogaka alikuwa anaandika.

"Binti yangu wa kwanza anaitwaje?" nikauliza.

"Nyaboke."

"Na wako?"

"Nyaboke. Lakini watoto wetu wote wanapewa majina ya bibi na babu waliofariki, hilo kila mtu anajua. Hiyo si biashara."

"Hata mimi nitamwambia jaji hivyo hivyo. Kila mtu anajua. Jina ni la mama yangu na la binti yangu, wewe umelipeleka Nairobi ukalifungia kwenye cheti. Sasa niambie, kinu changu nilipokifungua ulisikia kwa nani?"

"Watu."

Hapo nilipata harufu. Kwetu mtu hafungui hata kibanda cha kinyozi bila hema la kukodi, maombi na kuku. Na wa kwanza kuitwa ni jamaa. Ukimwacha nje mke wa ndugu yako marehemu, utasemwa mpaka uzeeni.

"Shemeji, siku hiyo ulikula kipande gani cha kuku?"

Peninah aliangalia mikono yake. Mtaa mzima ulikuwa unapiga honi huko chini.

"Firigisi," akasema.

Kalamu ya Omogaka ilisimama. Firigisi ni kipande cha mwanamume mkubwa wa nyumba. Yabesi alikuwa amempa mjane wa kaka yake mbele ya wanaume wote.

"Na maombi yalifanywa na nani?"

"Mimi."

"Ulitaja jina la kinu?"

"Ningekiombeaje bila kukitaja? Nilisema, Bwana bariki kinu cha Nyaboke. Ulitaka niseme kinu cha nani?"

Nikavaa miwani. Sikuwa na swali lingine, na Yabesi halisi, nilidhani, hangekuwa na haja ya lingine pia.

"Hilo haliingii kwenye maelezo yangu," Peninah alimwambia Omogaka. "Maombi ni kati yangu na Mungu."

"Mungu hatakuja kutoa ushahidi, mama. Watakaokuja ni wale waliosema amina."

"Si lazima jaji ajue leo. Anipe zuio kwanza. Yabesi akija aseme yake."

"Akija aseme, mimi nitakuwa nimesimama nikionekana nilikusaidia kuficha. Mimi kesi nimezipoteza nyingi na bado nakula. Lakini kumpelekea jaji nusu ya jambo na kuliita zima, hapana. Na haya maneno kwamba umegundua wiki iliyopita, hayo hatuwezi kuyatia kwenye kiapo hata kidogo."

Peninah alifunga Biblia yake na cheti ndani. "Basi nitapata wakili ambaye si mchungaji." Akatoka.

Omogaka hakumfuata. Alinitazama mimi, na mimi nikajua nimetumwa. Nilimpata kwenye ngazi, amesimama katikati, hashuki wala hapandi.

"Usinibembeleze," alisema.

"Sibembelezi. Nauliza tu, siku ile ya kuku kanisa lilikuja lote?"

"Na kwaya."

"Hao wote ni mashahidi wa Yabesi. Wewe wako ni cheti."

"Kwa hiyo nisiende kortini?"

"Nenda. Lakini kuna kitu sikielewi. Wewe unalinda jina hilo kama jicho, ukaenda kulibariki kwa mtu mwingine. Kwa nini?"

Alikasirika kweli sasa. "Kwa sababu kilikuwa kinu cha kusagia watu! Mtu analeta wimbi lake kwa karai, anasagiwa, anaenda. Ningemkataza mtoto wa Nyaboke kuandika Nyaboke ukutani kwake? Pakiti hazikuwepo. Pakiti amezianza mwaka huu, na huo mchoro ni picha ya mama tuliyochorewa mimi na mume wangu. Kwa ukutani nilimwombea. Kwa pakiti hakuniuliza."

"Hayo umeyaandika wapi?"

Akaibana Biblia kwapani.

"Hujayaandika," nikasema. "Huwezi kuyasema bila kusema ulikwenda. Umeificha siku ile, na kesi yako yote iko ndani ya siku ile."

Alikaa kwenye ngazi, na yule mama si wa kukaa kwenye ngazi. Watu wa duka la vitambaa walimpita wakiwa na mabunda kichwani. Mwishowe akasema, "Na firigisi pia lazima?"

"Hiyo ndiyo itakayomfanya jaji aamini nyingine."

Tuliandika hati ya kiapo mchana ule. Aya ya tisa ilisema alialikwa, alikula nini, aliomba nini na kwa jina gani. Aya ya kumi ilisema jina ni la mama mzazi wa mshtakiwa na la binti yake, na kwamba Peninah na mumewe walipoanza biashara, Yabesi alibeba magunia bila kulipwa kwa sababu ni ndugu. Hilo nalo lilitoka wakati wa kuandika. Mtu akishaanza kusema ukweli huwa anajikuta na mwingi kuliko alivyotaka. Aya ya kumi na moja ndiyo ilisema ukutani si pakiti. Omogaka aliniambia nipige chapa aya zile mapema kwenye hati, zisifichwe nyuma ya viambatisho. Nikahesabu kurasa, Peninah akaapa mbele ya kamishna.

Jaji alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alisoma sisi tukiwa tumesimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Wakili, aya ya tisa na ya kumi zimeandikwa na upande wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unajua kwamba zinakupinga?"

"Zinanipinga, Mheshimiwa. Mshtakiwa angekuwa hapa angezisema, na pengine kwa ufasaha zaidi."

Peninah alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Jaji hakumpa alichoomba. Yabesi aliachiwa kinu chake, asage na auze, na jina lake libaki ukutani. Alichokatazwa ni kupakia unga kwenye pakiti zenye jina na mchoro ule, mpaka wote wawili wafike baada ya wiki moja, na tumfikishie karatasi siku ile ile. Nje, Peninah alisema, "Nimepata nusu." Omogaka akamwambia nusu hiyo itasimama hata mtu akiiegemea. Peninah hakucheka.

Kupeleka karatasi ilikuwa kazi yangu. Yabesi nilimkuta Marani mlangoni mwa kinu, nyusi nyeupe kwa unga, na tumbo lilikuwepo kweli. Nilimwambia ninatoka wapi, akaanza kabla sijamaliza.

"Amewaambia alikuja hapa? Amewaambia alikula hapa? Alisimama pale, mama wa korti, pale penye mizani, akaomba mpaka watu wakalia. Hilo amewaambia?"

"Soma aya ya tisa."

Alisoma akisogeza midomo. Watu wenye makarai walikuwa wanasubiri foleni, na mashine ilikuwa inanguruma bure. Akaizima. Akasoma ya kumi, ile ya magunia, na hapo akakaa juu ya gunia.

"Ameandika hata firigisi," alisema.

"Ameandika."

"Na kwamba nilibeba bila kulipwa. Hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau." Alikunja karatasi kwa uangalifu, akaifuta unga kwa kiganja, unga ukaongezeka. "Sasa mimi niende kusema nini?"

Nilimwambia hilo amwulize wakili wake. Nilikuwa nimemsemea vya kutosha.

Wakili alimpata, kijana kutoka nje ya Kisii, mwenye sauti. Siku ya kusikizwa alisimama kabla hajaitwa vizuri. "Mheshimiwa, huyu mama alipata zuio kwa kuificha korti mambo mazito. Hakusema kwamba yeye binafsi alishiriki ufunguzi wa kinu hicho."

"Aya ya tisa," alisema jaji.

Akafunua. "Hakusema kwamba jina ni la mama mzazi wa mteja wangu."

"Aya ya kumi. Endelea."

Alifunua mbele, akafunua nyuma. Yabesi, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, akasema, "Nilikuambia usome yote." Makarani kwenye benchi tuliinamisha vichwa tukitafuta vitu sakafuni.

Baada ya hapo yule kijana alikuwa na hoja moja tu iliyobaki, kwamba ukutani na kwenye pakiti ni kitu kimoja, na aliijaribu vizuri, simlaumu. Jaji alisema zuio litaendelea mpaka kesi yenyewe isikizwe. Akasema pia sentensi ambayo Omogaka hakuirudia kwa mtu, ila mimi niliiandika pembeni mwa karatasi: kwamba angeipata habari ya siku ile ya kuku kutoka kwa mdomo wa mshtakiwa kwanza, angeliondoa zuio bila kufika kwenye suala la pakiti.

Kesi yenyewe haikufika mwisho. Yabesi alibadilisha pakiti, akachora kilima na jina lingine, na akanunua chekecheo la kuondoa mchanga. Shule zilifunguliwa na uji wa Peninah. Sitasema yeye na Yabesi walipatana. Walipunguziana tu, kila mmoja kidogo, na kila mmoja akaamini yeye ndiye aliyepunguza zaidi. Nimewaona watu wakiishi hivyo miaka mingi bila shida.

Siku ile ya uamuzi tulitoka kortini, Peninah akiwa mbele yetu na simu sikioni akiwaita walimu wakuu mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimebeba faili. Nilitarajia Omogaka aseme kitu kuhusu ushindi, kwa sababu hata mimi nilikuwa naona umenipandisha mabega. Alisimama kando ya njia, akaniuliza:

"Moraa, wewe ukiwa Yabesi, kuna neno tulilokunyima?"

Niliyapitia kichwani. Nilianza kwa mama yake, nikapita kwa binti, kwa magunia, kwa kuku, kwa maombi, mpaka kwenye pakiti. Nikarudia tena tangu mwanzo.

"Hakuna," nikasema.

"Basi twende tukanywe chai."

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Ofisi ilichukuliwa na mawakili wengine, wazuri, na nikafanya nao kazi mpaka juzi. Chumba kilipigwa rangi, na palipokuwa na kiti cha tatu pakawekwa mashine ya kutoa nakala, ambayo kusema kweli tuliihitaji. Waliniuliza maswali mengi kwa miaka hiyo. Faili iko tayari? Jaji yuko? Mteja amefika? Nilijibu yote na sikumbuki hata moja. Lile la Omogaka kando ya njia sikuulizwa tena na mtu. Kila ombi la upande mmoja lilipopita mezani kwangu, nilikuwa nimeshakaa upande wa yule asiyekuwepo, nimeyapitia maneno yake na kuyarudia, nikatembea mpaka kortini na kurudi na jibu mdomoni.